Ada ya Mkia

Hakuna mtu mjini aliyekuwa na ofisi kubwa kuliko Mkoba: ilianzia kwenye benchi la mbele ya ghala la mizigo ya ndege, ikaishia pale askari wa getini alipochoka kumtazama. Ndani ya ule mkoba uliompa jina mlikuwa na kitabu cha risiti, nusu mkate na mihuri mitatu: IMEPOKELEWA, HARAKA SANA, na mmoja wenye picha ya ndege aliyekunjua mabawa. Kwa wageni alijitambulisha kuwa wakala wa forodha. Forodha yenyewe ilikuwa bado haijaarifiwa.

Tumpe haki yake, mhuri alijua kuupiga. Aliuinua, akaupuliza, akaushusha kwa kishindo hadi mteja akahisi serikali imepita. Kusoma kilichoandikwa kwenye karatasi ndiko kusikomhusu. Kusoma, alisema, ni kazi ya wanaolipwa mshahara.

Asubuhi moja alikuwa amebakiza kidogo tu akodi chumba chenye mlango. Miaka tisa ya benchi ilikuwa imemmalizia suruali sita. Akiba yake ilikaa kwenye soksi, mguu wa kushoto. Ndipo alipomwona mama wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi, amesimama getini na bahasha, anasoma kibao kimoja baada ya kingine kama mtu aliyeshushwa kituo sicho.

"Shikamoo, shangazi. Mzigo gani unakutesa?"

"Marahaba, mwanangu. Mbwa. Kaka yangu kanitumia kutoka ng'ambo, eti wezi wamezidi. Nimeambiwa nitafute wakala."

"Umeshampata. Kaa." Akapangusa benchi kwa leso. "Mbwa wa ng'ambo si mchezo, shangazi. Kuna ushuru wa mwili. Kuna ada ya kubweka, maana atatumia hewa yetu. Halafu kuna mkia."

"Mkia nao?"

"Mkia huingia nchini baada ya mwili. Kisheria ni mzigo wa pili."

Shangazi akatikisa kichwa kama aliyesikia msiba wa jirani. "Kumbe ndiyo maana watu wanafuga paka."

"Paka nao wana foleni yao."

Akataja jumla. Ilikuwa jumla nene, hata yeye aliitamka huku akimeza mate. Shangazi hakushtuka wala hakuomba apunguziwe. Mwenye akili angeogopa hapo hapo, maana anayetajiwa bei kubwa hivyo asipige kelele, ama ni tajiri ama hana nia ya kulipa. Mkoba alichagua tajiri.

"Nitakulipa yote siku mbwa akitoka," alisema shangazi. "Ila mimi mjane, pale dirishani pa forodha watanionea. Andika jina lako wewe, uwe ndiye mwagizaji, kisha unikabidhi. Karatasi zote nimeshazijaza, na ya makabidhiano ipo humo humo kwenye bahasha. Unisamehe mwandiko."

"Mwandiko si kitu, shangazi. Kitu ni mhuri."

Akazichomoa karatasi, akazipiga zote mihuri, pa, pa, pa, na saini juu yake. Dirishani walitaka kitambulisho, akatoa cha kweli. Kwa miaka tisa jina lake halisi halikuwa limegusa karatasi, lakini samaki mkubwa hataki chambo cha funza. Hata ada halali ya dirisha, ndogo tu, aliichomoa mwenyewe kwenye soksi.

Karani wa dirishani alikuwa na tabia moja mbaya: alisoma. Alisoma ukurasa wa kwanza, akalamba kidole, akasoma wa pili.

"Mwagizaji ni wewe?"

"Ndiye mimi, mkuu."

"Umeandika hapa mbwa hana cheti cha chanjo ya kichaa."

"Nimeandika?"

"Na ukapiga mhuri. HARAKA SANA." Karani akazipanga karatasi. "Asiye na cheti anakaa karantini siku thelathini. Banda, daktari na chakula ni juu ya mwagizaji. Au arudi alikotoka, nauli juu ya mwagizaji."

Mkoba akageuka. "Shangazi, hebu waeleze."

"Niwaeleze nini, mwanangu? Mimi nimekusindikiza tu."

Mkoba akainama dirishani, sauti chini. "Na nikijiondokea?"

"Nenda salama. Kitambulisho kitabaki."

Mbwa akaletwa. Alikuwa na kimo cha ndama na uso wa hakimu. Akamnusa Mkoba kuanzia kiunoni kushuka chini, akatulia kwenye soksi ya kushoto.

Gharama za karantini zikatoka kwenye soksi hiyo: wiki ya kwanza mbwa alikula kitasa cha kile chumba ambacho Mkoba alikuwa hajakikodi. Ya pili akala mlango. Ya tatu akala kodi ya miezi mitatu, na ilipotimia siku ya thelathini chumba kizima kilikuwa tumboni mwake, manyoya yanang'aa.

Shangazi alifika dirishani asubuhi na mapema, kamba mpya mkononi, na ile karatasi ya makabidhiano. Karani akaisoma kwa sauti: mwagizaji anamkabidhi shangazi mbwa huyu, bila kudai chochote. Saini ya Mkoba. Na mhuri wa yule ndege, mabawa wazi.

Walipotoka nje, Mkoba aliketi kwenye benchi lake. "Shangazi, ulijua."

"Nilijua. Mawakala watatu wenye ofisi zao waliniambia kweli: siku thelathini, gharama zangu. Waaminifu kabisa. Lakini ukweli wao ulikuwa ghali, mwanangu, nikasema ngoja nitafute mwongo. Nilipouliza tu, watu wote walinielekeza kwako."

"Uliahidi kulipa mbwa akitoka."

"Si nimekuja?" Shangazi akamtazama mbwa kwa makini. "Ya mwili umelipa wewe. Ya kubweka silipi, tangu tutoke hajabweka. Ila mkia nimeuona umeingia, kweli baada ya mwili." Akaweka sarafu moja juu ya benchi. "Niandikie risiti."

Mkoba akaandika. Akauinua mhuri, akaupuliza. Halafu akauweka kando, akaivuta ile risiti karibu na macho, akaisoma yote mara mbili, ndipo akaupiga taratibu.