Ubao Mrefu, Changu Mfupi

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Mke wangu kahesabu samaki aina ya changu waliomo kwenye karai lake la kukaangia: ishirini na mmoja! Si kwamba wamezidi wingi. Wamepungua mwili. Karai lenyewe kapewa na mama yake, na mama mkwe anaapa kuwa enzi zake changu mmoja alilijaza, mkia ukabaki nje. Leo mteja kauliza kama hawa ni dagaa.

Mke wangu kasema mwezi ukiisha na hali ni hii hii, anazima jiko, anakwenda kwa dada yake kupika kwenye shule. Safari ya siku nzima! Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nyumba isiyo na sauti yake akigombana na mafuta ya moto, siiwezi. Lazima nifanye kitu. Seremala mzima siwezi kukaa nimekunja mikono.

Jumatano, 5 Machi

Mkutano dikoni, pale mashua zinaposhushia samaki. Afisa uvuvi, mama mkali mwenye miwani, kasema bahari haijatunyima kitu, ni sisi tumeikomba. Tunavua watoto kabla hawajataga, kisha tunashangaa wakubwa wamekwenda wapi. Kuanzia Ijumaa, changu asiyefika sentimita ishirini na tano atarudishwa majini akiwa hai. Kila mashua iwe na ubao wa kupimia wenye mstari mwekundu. Mashua nne, mbao nne. Fundi: mimi!

Shemeji akadakia. Huyu ni kaka wa mke wangu, nahodha, na mimi na yeye hatuivi. Kasema kitanda nilichomtengenezea kinamwacha miguu nje mpaka leo, sasa mtu kama huyo anapewaje sentimita? Watu wakavunjika mbavu. Afisa akauliza kama kuna seremala mwingine. Hakuna. Ushindi!

Kisha nikashtuka. Changu wa siku hizi wote ni wa ishirini na mbili, ishirini na tatu. Wakirudishwa, mke wangu atakaanga nini?

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata! Akili yangu wakati mwingine inanitisha mwenyewe.

Samaki ni mfupi. Dawa ya ufupi ni urefu. Samaki huwezi kumrefusha, lakini ubao je? Basi mstari mwekundu nimeuchora kwenye thelathini, na juu yake nikaandika 25 kwa rangi safi ya mafuta. Sentimita tano za bure kwa kila changu! Mke wangu sijamwambia. Nataka furaha imkute ghafla.

Afisa kaja mbiombio, gari linaunguruma nje. Kazigonga mbao muhuri wa moto, kazifunga kwenye mashua kwa minyororo, kaondoka. Hakupima hata mmoja. Kaniambia kazi safi. Nami naona hivyo hivyo.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa! Nilipanda mashua ya shemeji nikashuhudie mambo yangu. Nikatapika mara tatu. Wavu ukapanda. Changu wa kwanza kalazwa ubaoni: hakufika. Wa pili: hakufika. Wavu mzima, hakufika hata mmoja! Shemeji akawa anawarudisha majini mmoja mmoja, na kila akirudisha ananitazama.

Mmoja nilijaribu kumsaidia kwa kumvuta mkia. Akanizaba kofi la uso kwa mkia huo huo, akajitosa baharini mwenyewe.

Baharia mmoja akanung'unika kwamba ishirini na tano hii ni ndefu kuliko anayoijua yeye. Shemeji akamwambia muhuri wa serikali haubishiwi.

Kosa nimeliona: mbao zimenyonya maji, zikavimba. Ningetumia mti mkavu zaidi.

Jumamosi, 8 Machi

Nikaenda kuuanika ubao juani upungue. Mnyororo. Kidole. Bandeji.

Jumatatu, 31 Machi

Kaondoka. Kalisugua karai mpaka likang'aa, kalitundika ukutani, kasema hana kinyongo na mimi, ana jiko lisilo na samaki tu. Nikamwambia avumilie wiki moja, nina mpango. Kasema mipango yangu ndiyo inayomchosha zaidi. Basi likaondoka. Nililia pale pale kituoni. Shemeji aliniona, akajifanya anakagua kamba za viatu vyake. Alikuwa amevaa ndala.

Jumapili, 15 Juni

Nimejikaangia yai kwenye karai. Yai likapotea humo.

Nikampigia simu mke wangu. Nikamsimulia kuwa kaka yake na wenzake wamezikunja nyavu zile za matundu madogo, maana kuvua wa kurudisha ni kujichosha bure. Sasa wanatumia zenye matundu makubwa, na wanarudi na samaki wachache. Kauliza kama nakula vizuri. Nikasema sana. Kauliza tena. Nikakata simu kwa kuona haya.

Jumatatu, 1 Desemba

Hodi! Nafungua, shemeji huyo! Kakumbatia changu kwa mikono miwili. Kasema wiki hii wameupita mstari changu kumi na saba, na huyu ndiye baba yao. Nikalitungua karai, tukamlaza humo. Mkia ukabaki nje!

Tukakumbatiana. Tukaachana haraka, kila mtu akakohoa. Kisha shemeji akampigia dada yake, akamwambia arudi nyumbani, karai limekuwa dogo.

Alhamisi, 4 Desemba

Mke wangu yupo! Tangu asubuhi anagombana na mafuta, na foleni imefika hadi dukani kwa fundi cherehani. Nimekaa karibu na jiko bila sababu yoyote.

Mchana yule afisa akatuita wote dikoni, kaja na futi yake mwenyewe. Kapima ubao wa mashua ya shemeji mara mbili, kafuta miwani, kapima tena. Akatangaza mbele ya watu wote kuwa mstari umekaa kwenye thelathini, akauliza ni nani aliyeuchora. Vidole vyote kwangu.

Afisa akanishika mkono! Kasema miaka mitatu anazunguka akibembeleza madiko yakubali thelathini, maana akifika hapo changu ameshataga, ameacha watoto. Wote walimkatalia. Sisi tumefanya kimyakimya, na mashua zote zimeona faida. Makofi! Nikasimama, nikasema nililipima jambo hili kwa muda mrefu. Shemeji akapiga makofi pia, polepole.

Jioni mke wangu akanikalisha. Kachukua kijiko na kiberiti, kanieleza kwa upole nilichokifanya. Mstari ukiusogeza mbali, samaki anazidi kuushindwa, hazidi kuufikia. Alicheka mpaka akakaa chini. Nikaitikia kwamba nimeelewa. Nilikuwa natazama anavyocheka.

Jumamosi, 6 Desemba

Kazi mpya! Mke wangu anataka kuongeza pweza kwenye biashara, na pweza nao siku hizi ni kiganja tu. Kamati imepitisha: pweza asiyefika nusu kilo arudishwe. Nitengeneze mizani nne za mbao, kila moja na jiwe lake la nusu kilo. Shemeji mwenyewe ndiye aliyenipendekeza, na kaomba kitanda kingine.

Mke wangu kaniomba safari hii nisibuni chochote. Nimemwahidi.

Lakini namwonea huruma. Wakirudishwa wote, atakaanga nini? Nimefikiri sana, na nimepata! Pweza mwepesi hana nguvu ya kunyanyua mizani. Basi asaidiwe. Nitamwekea jiwe la kilo nzima, nililipake rangi vizuri, niandike NUSU.