Fundi Saa na Mtoto wa Jicho

Jumatatu, 4 Machi

Leo skrubu imetembea.

Niliidondosha asubuhi, skrubu ya saa ya mkononi, ndogo kuliko chawa. Nikapiga magoti chini ya meza, magoti yenyewe haya yanayolia kama bawaba. Nikapapasa. Nikaiona! Nikaikamata kwa kibano. Ikapiga mateke. Alikuwa sisimizi.

Fundi viatu ameona yote. Meza yake imepakana na yangu hapa kibarazani tangu sote tukiwa na nywele. Mwaka jana alitolewa mtoto wa jicho, macho yote mawili, na tangu hapo hatuna raha. Anasoma kwa sauti mabango ya ng'ambo ya barabara ambayo hakuna aliyemwuliza habari zake. Leo amelisoma tangazo la dawa ya panya lote, mpaka maandishi madogo ya chini. Kisha akaniambia, kwa ule upole wake wa kuudhi, kwamba mimi mzee mwenzake nijionee huruma, niende nami nikatolewe, ni jambo dogo tu. Nimemjibu kwamba macho yangu hayana tatizo. Tatizo ni mwanga wa siku hizi. Zamani jua lilikuwa jua.

Ukweli nauandika humu tu, kwa herufi kubwa kama za bango ili nami niweze kuzisoma. Jicho la kushoto naona ukungu. La kulia naona ukungu wenye watu ndani. Na naogopa kisu. Naogopa sana. Wakinikata wakakosea, nitakuwa nani? Bila meza ile mimi ni mzee tu, kama wazee wengine, wa kuulizwa kama amekula.

Nimechoka. Kutafuta skrubu kunachosha kuliko kulima.

Jumanne, 5 Machi

Balaa.

Wiki iliyopita niliibadilishia saa ya shule mashine. Ile kubwa ya ukutani, ambayo mwalimu wa zamu huitazama kabla ya kupiga kengele. Leo mwalimu mkuu ameirudisha mwenyewe, ameikumbatia kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Akasema saa inarudi nyuma. Nikamweleza kwamba saa kuchelewa ni jambo la kawaida, ni betri. Akasema hajasema inachelewa. Amesema inarudi nyuma.

Jana waliitundika saa mbili asubuhi. Ulipofika muda wa mapumziko, saa ilionyesha saa kumi na mbili alfajiri. Mwalimu wa zamu, mgeni kazini na mtiifu kupita kiasi, hakupiga kengele. Watoto wakakaa na hesabu za kugawanya mpaka mmoja akaangua kilio.

Nilijua papo hapo. Kinyozi wa kona aliniagiza mashine inayozunguka kinyume, ili mteja aliyekaa kitini aisome kwenye kioo saa iliyo nyuma yake. Mashine zote mbili zinafanana kama mapacha. Tofauti ni kialama kidogo mgongoni, na kialama hicho sijakiona tangu mwaka juzi. Maana yake kinyozi naye amepata... Sitaki hata kufikiria.

Nilimwambia mwalimu mkuu kwamba hilo ni kosa la kiwandani. Fundi viatu akadakia kwamba basi kiwanda kipelekwe kwa daktari wa macho. Mwalimu mkuu akacheka. Nami nikacheka, ningefanya nini?

Jioni binti yangu mkubwa akaja, uso umekunjwa. Kumbe amepigiwa simu. Na nani? Na fundi viatu! Kikulacho ki nguoni mwako. Binti akasema nichague moja. Ama keshokutwa nikafanyiwe upasuaji wa jicho la kushoto, nafasi ameshaniombea. Ama Jumamosi anakuja na gari kuibeba meza yangu, na mimi nihamie kwake nikamsaidie kuangalia kuku. Kuku! Mimi niliyewahi kurekebisha saa ya stesheni!

Nikamgeukia mama watoto anitetee. Alikuwa anamenya viazi. Akaendelea kumenya viazi.

Jumatano, 6 Machi

Sikufungua meza. Siku nzima ya kuumiza kichwa.

Hospitali ni kesho saa tatu asubuhi. Binti amesisitiza kwamba wauguzi wa pale hawana mchezo. Ukichelewa, nafasi yako anapewa mwingine, nawe unasubiri mpaka mwezi wa sita. Alidhani ananitisha. Moyo wangu ulicheza ngoma. Si nimekubali kwenda? Nimekubali. Si nimekataa kuku? Nimekataa. Nikichelewa, je, kosa la nani?

Na kwenye kuchelewesha, nani wa kushindana na fundi saa?

Mama watoto alipotoka kwenda dukani, nikaanza kazi. Saa ya sebuleni nimeirudisha nyuma saa moja kamili. Ya jikoni vilevile. Saa yake ya mkononi, aliyoivua kwa ajili ya kufua, vilevile. Zote kwa kupapasa, bila kuhitaji macho! Ufundi hauzeeki. Simu yake nimeizima na kuisukuma nyuma ya kabati. Binti atakuja na simu yake, najua, lakini nitamwonyesha saa tatu zinazokubaliana. Mashahidi watatu kwa mmoja. Hata mahakamani ningeshinda.

Naenda kulala na dhamiri safi.

Alhamisi, 7 Machi

Jicho limefunikwa. Naandika kwa kukisia. Ndiyo, wamenikata.

Asubuhi binti alifika akanikuta bado nina shuka kiunoni. Nikamwonyesha sebuleni. Nikamwonyesha jikoni. Nikamwonyesha mkono wa mama yake. Mapema bado, nikamwambia, akae. Akakaa! Akanywa chai. Akaomba kikombe cha pili. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka, kwa sababu mtoto huyu hajawahi kukubaliana nami hata kuhusu siku aliyozaliwa. Lakini mtu akishaona mpango wake unakwenda, akili hulala. Nikaoga taratibu. Tukatoka. Nikarudi kuchukua kofia. Tukatoka tena. Nikarudi kuiacha kofia.

Tunafika hospitali, uso wangu wa masikitiko nimeshauandaa. Muuguzi akanitazama akasema hongera mzee, wagonjwa wote wangekuwa kama wewe! Miadi yako ni saa nne na umefika saa nne.

Saa nne!

Binti alinidanganya tangu mwanzo. Alisema saa tatu kwa sababu, maneno yake mwenyewe, anamjua baba yake. Na mama watoto, aliyetusindikiza? Alikuwa akiitoa simu yake kwenye mkoba. Aliichukua nyuma ya kabati jana ileile, wala hakuitafuta. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nimeingia nimevaa gauni la hospitali lililo wazi mgongoni.

Kisu sikukiona. Niliona taa, halafu maji, halafu rangi zinacheza ndani ya maji. Daktari ni msichana wa umri wa mjukuu wangu. Nilimshauri kwamba mkono ukimtetemeka aegemeze kiwiko, ndivyo tunavyofanya sisi wa kazi ndogondogo. Akanishukuru, akaniomba nisiongee. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Nililia kidogo. Nimewaambia ni dawa ya matone.

Ijumaa, 8 Machi

Wameifungua bandeji.

Shati langu la rangi ya maziwa ni jeupe. Ukuta una nyufa. Kwenye kioo cha bafuni alikuwepo mzee mmoja mwenye shingo ya kobe. Nikataka kumpisha apite. Mimi huyo? Basi. Nimejitazama mpaka nikachoka naye.

Halafu mama watoto akaniletea uji. Nilizoea kumsikia akija, kandambili zikiburuzika, nikawa namtania kwamba anatembea kama bibi harusi. Leo nimeona. Miguu yake imevimba. Imevimba hasa, vifundo havionekani, na mikanda ya kandambili ameikata ili miguu iweze kuingia. Anatembea ameshika ukuta.

Nikamwuliza tangu lini. Akasema ni muda sasa. Akasema binti hawezi kubeba wagonjwa wawili kwa mpigo, na mimi na macho yangu ndio tuliokuwa na kelele zaidi, basi akaona tupite sisi kwanza.

Tunalala kitanda kimoja. Tunakula sahani moja. Sikuona. Hilo limeniuma kuliko jicho, na wala sijui nimlaumu nani. Uji umepoa nikiutazama.

Jumamosi, 9 Machi

Binti amekuja bila gari la kubeba meza. Meza inabaki! Nilitaka kushangilia, akaniwekea sharti: jicho la kulia nalo mwezi ujao.

Nikamweleza kitaalamu. Fundi saa hufanya kazi kwa jicho moja. Lenzi huwekwa jicho moja, la pili hufumbwa. Sasa kutengeneza jicho la kufumba si ni hasara? Mama yake alikaa ameweka miguu juu ya stuli, na binti alikuwa akiitazama. Yeye naye hakuwa amejua. Mama huyu amevaa magauni marefu mwaka mzima.

Nikatoka kwenda kibarazani, kukaa tu, bila kazi. Fundi viatu akalisoma bango la dawa ya panya. Mimi nikasoma bango la nyuma yake. Akasoma bei zilizoandikwa dirishani kwa kinyozi. Nikasoma namba ya simu ubavuni mwa lori lililokuwa linapita. Akasema nimeitunga. Lori limeshapita, atathibitisha wapi? Ushindi.

Kisha akaniuliza mama watoto hajambo. Nikasema hajambo. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Jumatatu, 11 Machi

Leo nimempa mama watoto maneno yake, kwa upendo lakini bila kupepesa. Nimemwambia kwamba ukaidi wa uzeeni ni ugonjwa kuliko ugonjwa wenyewe. Kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Kwamba mtu mzima anayemkimbia daktari kwa visingizio anawatesa wanawe. Nilisema vizuri mno, mpaka binti aliyekuwa mlangoni akanitazama mdomo wazi.

Mama watoto alinisikiliza, miguu imo kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Nilipomaliza akasema sawa, ataenda. Ataenda siku nitakayoenda mimi kwa jicho la kulia. Gari moja, hospitali moja, siku moja. Si kabla ya hapo. Nikamwambia miguu haiwezi kusubiri mwezi. Akasema basi nisogeze jicho. Binti akapiga simu hapohapo na nafasi ikapatikana. Ijumaa hii!

Wamenibana. Lakini mimi si mtu wa kukata tamaa.

Yule muuguzi alinidokeza kwamba mtu mwenye kikohozi hafanyiwi upasuaji wa jicho, maana atatikisika. Basi mpango ni huu. Ijumaa tunakwenda sote, mimi nikiwa mtiifu kama kondoo. Mama watoto anaingia kwa daktari wake kwanza. Akishapokewa, akishapimwa, mimi mlangoni kwa daktari wangu nashikwa na kikohozi. Yeye anatibiwa, mimi naahirishwa, hakuna aliyeumia. Sijui kwa nini sikulifikiria hili tangu mwanzo.

Ila kikohozi cha ghafla kitanichongea. Lazima kianze leo, kikue taratibu. Kwa hiyo baada ya chakula nimekohoa. Kikohozi kikavu, cha mtu mwenye heshima zake. Mara nikasikia mama watoto naye anakohoa jikoni. Nikakohoa tena. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi.

Maskini. Nadhani nimemwambukiza.