Nguvu Kazi: Mimi Peke Yangu

Jumatatu, 9 Agosti
Afisa kilimo kaja na fomu. Chama chetu cha wakulima wa viazi vikuu kina nusu eka kando ya mto. Udongo mweusi, jiwe hakuna! Atakayeonekana anatumia rasilimali kwa ufanisi kuliko wote atailima misimu mitatu. Ufanisi, akaeleza, ni kuvuna vingi kwa kutumia vichache: mbegu, samadi, nguvu kazi. Nusura nisimame nijitangaze. Tangu nizaliwe natumia vichache. Na tunauhitaji ule udongo, maana shamba letu la mlimani limechoka, jembe linagonga mawe hadi meno yanauma. Shemeji, kaka wa mke wangu, naye kachukua fomu. Anatembea kama keshakabidhiwa mto na samaki wake.

Jumanne, 10 Agosti
Nimejaza fomu. Matuta: mia mbili. Samadi: ndoo kumi. Kwenye nguvu kazi nikakwama. Matuta aliinua mke wangu. Kupanda, mke wangu. Palizi zote tatu, yeye tena. Mimi nilikata miti ya kutambalia. Minne. Nikiandika hivyo tutaonekana tunafuja watu. Nikajilaza, kwa kuwa huwa nafikiri vizuri nikiwa chali. Jibu likaja: mke si nguvu kazi, mke ni mke! Nikaandika: mtu mmoja, mimi, saa mbili kwa siku. Niliona haya kidogo. Yakapita.

Jumatano, 11 Agosti
Mke wangu kaisoma fomu! Niliisahau mezani. Hakufoka. Aliuliza tu palizi ya pili alipalilia nani. Nikasema hayo ni mambo ya kitaalamu. Akasema sawa. Akaongeza kwamba afisa anakuja Jumamosi kupima mavuno, na kwa kuwa nguvu kazi ni mimi, nianze mapema. Yeye ana matuta yake thelathini nyuma ya nyumba, na kajichukulia fomu yake. Ile "sawa" siipendi hata kidogo.

Alhamisi, 12 Agosti
Nimechimba. Peke yangu! Jamani, kiazi kikuu ni kiumbe mkaidi. Ukikifuata chini, nacho kinashuka. Cha kwanza kilikatika. Cha pili nilikipiga jembe katikati. Cha tatu kilitoka kizima, nikashangilia, kumbe jiwe. Kutwa nzima, matuta sita. Shemeji alipita akauliza kama ninavuna au ninapasua kuni. Nikatema udongo uliojaa mdomoni, nikaendelea kuchimba.

Ijumaa, 13 Agosti
Hila mpya. Nilimwalika mama mkwe kwenye mafunzo ya uvunaji wa kisasa, bure kabisa, aje na jembe lake. Mafunzo kwa vitendo! Akaja. Akaketi juu ya tuta, jembe mapajani, akasema yuko tayari, nimwonyeshe. Nikamwonyesha tuta moja. Akasema macho yake ya kizee hayajashika vizuri, nirudie. Nimerudia mara ishirini na mbili. Alipoondoka alinishukuru sana.

Jumamosi, 14 Agosti
Afisa kafika na mizani. Matuta ishirini na tisa kati ya mia mbili, na viazi vyote vina makovu. Akauliza kwa upole, mtu aliyelima msimu mzima peke yake kapatwa na nini wiki hii. Nikasema mgongo. Akazunguka nyuma ya nyumba. Viazi thelathini vizima, vimepangwa kwenye mkeka, vingine virefu kama mkono wangu! Kwenye fomu ya mke wangu palikuwa na mstari mmoja: mimi, alfajiri, kabla ya kwenda kulima shamba la mume. Afisa aliusoma mara mbili, kisha akanitazama.

Nusu eka kapewa mke wangu. Shemeji kashika nafasi ya pili! Mke wangu alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, na mimi, nakiri, machozi yalinilenga. Tumeupata udongo mweusi!

Jumapili, 15 Agosti
Mke wangu kasema shamba la mto ni lake. Nikitaka nitalima naye, ila saa zangu zitaandikwa kwenye fomu yake. Nimelitafakari jambo hili asubuhi yote, chali. Saa zangu zikiandikwa, nguvu kazi yake inaongezeka. Ikiongezeka, ufanisi wake unashuka. Na afisa atakagua tena! Siwezi kumfanyia hivyo mwanamke ninayempenda. Nimeamua kujitolea: nitabaki nyumbani misimu yote mitatu. Nitamwambia akirudi. Yuko mlimani tangu alfajiri, anachimba yale matuta yangu mia moja sabini na moja.