Malalamiko Kuhusu Uhaba wa Chuki Kambini Kwetu

Likasi, Agosti 1970

Kwa Bwana Mkuu wa Kambi ya Wafanyakazi,

Pokea heshima zangu. Mimi ni Barthélemy, fundi wa mitambo, nyumba ya pili kutoka bombani. Unanijua: ndimi niliyekulalamikia juu ya bata wako. Safari hii jambo ni zito zaidi.

Mapadri wa Kapolowe waliniazima kitabu kinene cha historia ya dini. Nimekisoma chote, na nimeona aibu. Waliotutangulia katika imani, Wakristo kwa Waislamu, walichukiana kwa bidii ya ajabu. Sisi huku tunaazimana chumvi. Kwa hiyo nalalamika:

1. Wapiganaji wa msalaba walipoingia Yerusalemu waliua hadi wanawake na watoto, kisha wakaenda kusali. Baadaye wakubwa wa Kanisa walichoma watu kwa kosa la kufikiri. Padri wetu hachomi hata takataka za parokia. Anamwachia mtunza bustani, Germain, na Germain huchelewa.

2. Waislamu nao hawakulala. Makhawariji walimuua Khalifa Ali, mkwe wa Mtume mwenyewe, kwa kuona imani yake haitoshi. Ya Ali, haitoshi! Lakini jirani yangu Amuri, dereva wa lori la Kambove, Mwislamu wa Kasongo, kila Krismasi huchungulia uani kwangu kuuliza kama wali umeiva.

3. Nilimsomea Amuri maovu ya dini yake, kwa sauti, ili aone haya. Akacheka: "Barthélemy, geuza ukurasa." Nikageuza. Nikakuta kwamba sikukuu ya mtakatifu wa jina langu ndiyo siku Wakatoliki wa Parisi walianza kuwaua Waprotestanti kwa maelfu. Na mimi maisha yangu yote naisherehekea kwa kunywa munkoyo wa mahindi! Tena kitabu kikaniudhi zaidi: wakali wa pande zote mbili huanza na watu wa mbali, humaliza na wa nyumbani. Huwezi kuwatofautisha ila kwa kofia.

4. Hata hivyo, mtu lazima aanze. Unajua kwamba kambini kwetu, kwenye sherehe ya Mkristo, Mwislamu ndiye huchinja, ili nyama iliwe na wote. Huo ndio ulegevu wenyewe. Jumapili mjukuu wangu Élise anabatizwa. Amuri alipokuja kumwangalia mbuzi, nilimwambia mbele ya watu kwamba damu ya Yerusalemu iko kati yetu. Akauliza, "Ule muntu aliuaka babu yako kule, iko wapi? Mulete, tumupige siye wawili." Watu wakacheka. Mimi nikakasirika, nikasema mkono wa Mwislamu hautamgusa mbuzi wangu. Akaondoka, hata kisu chake akakisahau. Tangu siku hiyo hanisalimu.

Haya, Bwana Mkuu, ndiyo mafanikio yangu ya pekee, na lazima niseme hayana ladha. Asubuhi napita mlangoni kwake polepole, nakohoa. Anaendelea kupiga mswaki.

Naomba basi ujengwe ukuta mrefu kati ya nyumba zetu. Naomba mke wangu Clotilde na mkewe Kadidja wakatazwe kupika pamoja, maana wao hawajasoma kitabu. Na kwa kuwa nchi sasa ina chama kimoja, kambi nayo ipewe chuki moja rasmi, yenye kadi na mwenyekiti. Uenyekiti niko tayari kuupokea.

Nisalimie mkeo Mama Suzanne, karani Lambert, walinzi wa lango, na hata bata.

Ni mimi, mwenye msimamo usiolegea,

Barthélemy

N.B. Ukuta usijengwe kwanza. Clotilde amekataa kupika nyama ambayo Kadidja hawezi kula. Mbuzi yuko kwenye kamba, ananitazama, na mimi sijawahi kuchinja hata kuku. Kazi hiyo kaifanya Amuri tangu tuoe. Tafadhali mwite ofisini kwa jambo lolote, hata la bata, umwambie kisu chake kiko kwangu na nimekinoa vizuri. Barua hii usimsomee. Au msomee, ila ruka namba nne. Na akikataa kuja, mwambie tu kwamba kwa Barthélemy chumvi imekwisha.