Linux Ilinyamaza, Mimi Nikaongea

Leo nimejiaibisha, na waliokuwepo niwataje wote. Mimi, mwenyekiti wa kikundi chetu cha maziwa hapa Subukia. Grace Wambui, jirani yangu, mjane wa Kariuki, mwenye ng'ombe mtamba wa kuuzwa. Joseph Cheruiyot, mnunuzi, ametoka Molo. Na kwa simu, Esther, mke wa mwanangu Peter na mwalimu wa kompyuta huko Nakuru.

Esther ndiye alituwekea Linux, ule mfumo wa kuendesha mashine, kwa kompyuta ya ofisi, tuandike ng'ombe wote: mama, baba, siku ya kupandwa. Aliniambia Linux ziko nyingi kama makanisa, na kila moja iko na tabia yake wakati wa kuhamia toleo jipya. Zingine unazihamisha jioni, asubuhi haziamki. Yetu ni mpole, ameihamisha mara mbili bila shida. Lakini nisiiguse mpaka akuje.

Leo asubuhi kompyuta ikaandika toleo jipya limefika. Nikaigusa. (Kikundi cha Tabitha Njeri kule Bahati kilihamia toleo hilo wiki jana, na Tabitha hanyamazi.) Kila ilichouliza nilijibu ndiyo. Iliuliza kwa heshima.

Saa nne ikajizima, ikajiwasha, ikabaki nyeusi tititi. Hapo hapo Grace akaingia na Cheruiyot. Mnunuzi anataka karatasi ya ukoo wa mtamba. Baba awe wa sindano ya mbegu ya daktari, si ndume wa kijiji, la sivyo hanunui. Na Mercy, binti ya Grace, anangojea hiyo ng'ombe iuzwe ndio aingie chuo cha uuguzi.

Nikampigia Esther. Akauliza kama niliweka nakala ya rejista kando. Nikamwambia sikuweka. Kisha akasema nisizime, ningoje tu.

Kungoja ndiko kulinishinda. Watu wanajua sisahau jina, la mtu ama la ng'ombe. Nikamwambia Cheruiyot atoe kalamu.

"Mtamba ni Makena. Mama yake Waridi. Nyanya yake Malaika, wa marehemu Kariuki mwenyewe."

"Na baba, shosho?" akauliza, akiniita nyanya kwa heshima.

"Sajini."

Ilitoka kabla sijaishika. Sajini ni ndume wangu. Siku moja kabla ya daktari kuja na sindano, aliruka ua akaingia kwa Grace, akampanda Waridi. Niliona. Nikamrudisha polepole, nikakaa kimya karibu miaka mitatu (mwenyekiti mzima).

Grace akanigeukia. "Mama Peter. Sajini huyu wako wa kuchechemea?"

Nikasema ndiye. Cheruiyot akarudisha kalamu mfukoni, akanishukuru kwa ukweli, akatoka nje kutafuta chai.

Na wakati huo ndio kompyuta ikawaka. Maandishi makubwa, mazuri, rejista yote iko, hakuna ng'ombe amepotea. Baba ya Makena: sindano. Ilikuwa inajipanga tu! Nilikaa chini.

Nimempelekea Grace mtamba wangu Zawadi, wa sindano kweli, pamoja na karatasi yake. Cheruiyot amesema atamwangalia kesho. Grace amepokea kamba. Kunisemesha bado.

Kama kuna jina nimekosea, nirekebisheni hapa chini. Na kucheka, tafadhali, ngojeni kwanza Grace aanze.