Kutafuta Hereni kwa Starehe

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimepata! Si hereni, mashine. Mteja wangu mmoja, mstaafu anayependa vifaa visivyomhusu, ameniazima kitambuzi chake. Kinatambua chuma, shaba, dhahabu, na kinaingia majini bila kuharibika. Fimbo ndefu, sahani ya duara chini, vidude vya kuvaa masikioni. Ukipitisha sahani juu ya kitu, kinalia. Mimi nitamshonea kiti chake upya. Kila mtu ana furaha.

Hereni yenyewe ni ya mke wangu. Dhahabu. Marehemu mama yake alimwachia jozi. Jumapili iliyopita nilimbembeleza twende ziwani tukacheze maji. Hakutaka, nikamvuta mkono. Tuliporudi sikio moja lilikuwa tupu. Hajanilaumu hata kwa nusu neno, na hilo ndilo linaloninyima raha. Anakoroga chungu, anagusa ndewe, anaendelea kukoroga.

Shemeji, kaka yake, fundi bomba, amesema atakuja na chekecheo auchekeche mchanga wa ziwa kwa mikono. Chekecheo! Nimemwambia dunia imesonga mbele. Akacheka kwa pua. Lazima hereni niipate mimi. Si yeye. Mimi ndiye niliyempeleka mke wangu majini.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mateso! Nimeingia ziwani asubuhi, na kabla jua halijafika utosini bega halikuwa langu tena. Maji yanaisukuma sahani huku, mimi naivuta kule. Fimbo ndefu kunizidi. Shingo, kiuno, kiwiko, vyote vinalalamika kwa zamu. Nimepata kijiko kilichopinda. Ziwa ni kubwa, na mtu hawezi kulimaliza akiwa na maumivu.

Nilikaa ufukweni nikiyatazama maji yakimetameta. Nikawa kama nimesinzia. Wazo likanijia lenyewe, taratibu. Mimi ni fundi wa makochi! Maisha yangu yote nawatafutia watu wengine pa kuegemea. Kwa nini mkono wangu uteseke?

Karakana haina sponji, mletaji amenipiga chenga tena. Basi nimechana kochi letu la nyumbani. Upande mmoja tu, ule anaokaa mke wangu, maana sponji yake ni laini zaidi. Aliuliza sasa atakaa wapi. Nikamwambia ni kwa muda, nikamsogezea kiti cha plastiki. Alikitazama kile kiti, kisha akanitazama mimi, muda mrefu.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Kazi safi! Fimbo nimeifupisha mpaka kiwiko kinakunja vizuri. Pa kuegemeza mkono nimepashona kama mkono wa kochi la waziri. Mkanda mpana wa lastiki begani unabeba uzito wote. Sahani nimeivalisha sponji kuizunguka, ndani ya nailoni, ili ielee. Sijatumia msumari hata mmoja. Uzi mtupu! Mashine isinilaumu kwamba nimeichanganya kwa chuma changu. Mwisho, tyubu ya tairi la lori, nayo nimeitilia kikalio na mgongo.

Nikaingia majini. Jamani. Sikuwa na uzito. Miguu ilining'inia chini, ikigusa mchanga na kuuacha. Nikavaa vidude vya masikioni, dunia ikanyamaza, nikasikia pumzi yangu na maji tu. Kisha mashine ikalia! Nikasogea, ikalia. Nikasogea tena, ikalia! Ziwa zima ni dhahabu, na watu wanaogelea juu yake bila habari.

Nilichimba kwa vidole vya miguu, sikupata kitu. Bila shaka iko chini zaidi. Nikajilaza niisikilize inavyoimba. Mawingu yalikuwa yanapita polepole. Nikamwona mke wangu ana hereni masikio yote mawili, anacheka, amekaa kwenye kochi linaloelea. Nilipoamka nilikuwa katikati ya matete, ng'ambo ya ziwa. Nimerudi nyumbani kwa miguu, tyubu begani, na mbwa nyuma yangu.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Inalia hata hewani. Nimeielekeza kwa ndege, ikalia. Shemeji alikuwa pale na chekecheo lake, suruali ameikunja magotini. Akasema mashine ni mgonjwa, niirudishe kwa mwenyewe. Nikamjibu kwamba wivu nao ni ugonjwa. Alipokwenda kula nikajificha nyuma ya vibanda vya kuvulia nguo, nikafumua sponji ya sahani.

Hereni! Imo ndani ya sponji! Imejichimbia huko kwa ndoano yake, safi, haina hata mchanga. Haikuwahi kufika ziwani. Siku ile mke wangu alijilaza kidogo kwenye kochi kabla hatujatoka. Nimeikata sponji mwenyewe, nikaishona mwenyewe, nikazunguka nayo majini nikiitafuta.

Nililia. Kweli, nililia kwa furaha. Nikaanza kukimbia nyumbani. Nikafika kona ya kwanza, mwendo ukapungua. Nitasemaje? Kwamba nimemchania kochi kwa kitu alichokuwa amekikalia? Na Shemeji je? Atanicheka mpaka tuzeeke wote. Hapana. Hereni itapatikana ziwani, mchana kweupe, mbele ya mashahidi. Mashine itapata heshima yake, na mimi yangu.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimewaalika wote wawili kesho. Nimewaambia nina hisia. Mke wangu akasema ana nguo za kufua, lakini akija nitafurahi? Nikasema sana. Akatabasamu! Siku nyingi sijaliona lile tabasamu. Hereni iko kwenye soksi yangu, na leo nimetembea kwa madaha.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Sijui nianzie wapi. Nilitangulia mapema. Nikaizika hereni mchangani, maji ya kifuani, nikaikanyaga kwa mguu wa kushoto ili nisiipoteze. Hesabu ilikuwa sawa kabisa. Wakaja. Mke wangu na mwavuli, Shemeji na chekecheo. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, jua laini. Mke wangu akanipungia mkono kutoka ufukweni. Alivyopendeza! Nami nikampungia, mikono yote miwili, nikaegemea nyuma. Tyubu ikaninyanyua kwa upole. Mguu ukaachia.

Nilipokanyaga tena, palikuwa pengine.

Kitambuzi hakikulia. Sasa ni kizima, kimya kabisa. Nimeelea huku na huku mchana kutwa, starehe tupu, bila uchungu hata wa kiwiko. Kikalia, nikapiga kelele. Kizibo cha soda. Kikalia tena. Kizibo cha soda. Shemeji akauliza hisia zangu zinasema achekeche wapi. Ningemwonyeshaje mahali? Nikamwambia popote.

Jioni mke wangu akaingia majini na gauni lake. Akashika tyubu, akanivuta hadi ufukweni nami nimekaa juu yake. Akasema inatosha. Akasema mama yake angecheka tu, na kwamba hereni alishaililia ikaisha. Anachokosa ni mtu wa kukaa naye jioni. Nilifungua kinywa nimwambie yote. Shemeji akakohoa. Nikakifunga.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Tulikaa pamoja jana jioni, viti vya plastiki, mlango wazi. Aliniegemea. Upepo ulikuwa mzuri. Nilijiona mtu mwenye bahati kuliko wote, na mwongo kuliko wote. Nikaapa moyoni kwamba sitamdanganya tena, wala sitachezea tena vitu vyake.

Asubuhi nimeelewa kosa lilikuwa wapi. Mashine haijui inatafuta nini! Inaokota vizibo kwa sababu haijawahi kuonyeshwa hereni nje ya sponji. Inahitaji mfano. Na mfano upo, hereni mwenzake iliyobaki, kwenye kikasha juu ya kabati. Mke wangu amekwenda kwa kaka yake na atarudi jioni, sina haja ya kumsumbua kwa maswali. Nimechana pia upande wa pili wa kochi, maana mgongo wa tyubu ulikuwa mwembamba kidogo.

Hereni nimeifunga pembeni mwa sahani kwa uzi wa makochi, mafundo mawili. Uzi huo haujawahi kukatika. Naingia majini sasa hivi.