Hasara Tisa za Ofisi Yetu

Jumatatu, 2 Juni
Mvua. Kiti changu bado kina mguu mmoja mfupi. Bosi wetu, Bi Mwanarehema, ametangaza kwamba Ijumaa atamteua kiongozi wa mafundi wa tovuti. Mafundi tuko wawili: mimi, miaka minne hapa Mkomani, na Ummi, miezi mitano. Basi ni mimi! Nimempigia mama Kisauni, nikamwambia cheo nimeshapata. Amelia kwa furaha.

Jumanne, 3 Juni
Ummi amemaliza tovuti ya hoteli kwa siku mbili. Yangu, ya duka la mbao, iko wiki ya tatu. Mwenye duka anataka nembo iwe kubwa zaidi. Kila siku kubwa zaidi! Naogopa. Bosi amenituma niandike ukurasa wa kuvutia wafanyakazi wapya: faida za kazi yetu. Nimepata wazo. Nitaandika na hasara, niziweke kwenye nakala ya majaribio ya tovuti ya ofisi, tunayoifungua mimi na Ummi tu. Asome, akate tamaa, aache kazi mwenyewe.

Jumatano, 4 Juni
Faida nimepata mbili: kivuli na chai. Hasara tisa, bila kufikiri. Mgongo. Macho. Unachojifunza leo, kesho kimeshapitwa. Bosi mkono wa birika. Ya tisa ndiyo kali: hapa hapandi mtu cheo. Nimepakia, nikaenda zangu.

Alhamisi, 5 Juni
Balaa! Nimepakia kwenye tovuti yenyewe, ya kuonwa na watu wote. Mwenye duka la mbao amempigia bosi kumpa pole. Bosi ameuliza ni nani. Nimeinama chini ya meza kutengeneza mguu wa kiti. Ummi ameuondoa ukurasa, akasema wallahi kosa kama hilo hata yeye limewahi kumpata, yaishe. Huruma yake imeniuma kuliko matusi.

Ijumaa, 6 Juni
Ummi kiongozi. Kiti kipya amepewa yeye.
Saa nne, hodi! Mama na wenzake wawili wa kanisani, na ndoo ya mahamri, wamekuja kunipongeza. Mama ameuliza kiti cha kiongozi ni kipi. Nilitamani kufa. Ummi ameinuka, akamwamkia shikamoo, akaniashiria nikae. Nimekaa. Miguu yote minne sawa.
Mama ameuliza binti huyu mwenye adabu ni nani. Nimesema msaidizi wangu. Akauliza baada ya hapa nitapanda wapi. Nimemwambia mkurugenzi, mwezi ujao.